Ukuta Uko Kwenye Laini

Nilikuwa juu ya ngazi, nachomeka waya wa kamera kwenye fremu ya dada mmoja muuza mikoba Kariakoo, aliponiuliza swali ambalo halijaniacha wiki zote hizi.

Alikuwa ametoka Guangzhou, safari yake ya kwanza. Miaka yote aliagiza mzigo kupitia watu. Safari hii alitaka kuushika mkoba kwa mkono wake kabla hajaulipia. Alipofika alinunua laini ya kule, maana aliambiwa roaming itamla hela. Akaiweka. WhatsApp kimya. Google kimya. Instagram, ambako ndiko anakouzia, kimya. China imezifungia huduma hizo kwa kizuizi ambacho watu hukiita ukuta.

Mwenyeji wake, Mtanzania wa siku nyingi kule, akamwambia arudishe laini ya nyumbani na awashe roaming. Akairudisha palepale sokoni, katikati ya mikoba, na ujumbe wa kutoka Dar ukaanza kumiminika.

"Fundi," akaniambia, "nimesimama palepale. Sijasogea hata hatua moja. Sasa huo ukuta wanaousema uko wapi?"

Nikamjibu, "Uko kwenye laini, dada."

Yeye jibu lilimtosha, akarudi kwa mteja wake. Mimi halikunitosha.

Mpaka usiofuata ramani

Kitaalamu nilichomjibu ni sahihi. Ukiwa nje ya nchi na laini ya Tanzania, data yako haiingii intaneti hapo ulipo. Mnara wa China unaipokea, unaifungia kwenye njia yake ya pekee na kuipeleka mpaka kwa kampuni yako ya simu huku nyumbani, na ni huku ndiko inakoingia kwenye mtandao wa dunia. Dada yule alipomuuliza mama yake kama mtoto amekula, simu yake, kwa macho ya intaneti, ilikuwa Dar es Salaam.

Na kinyume chake kinawezekana. Mgeni kutoka China akishuka Zanzibar na laini ya kwao, akawasha roaming pale Nungwi, Google inaweza isimfungukie, kutegemea kampuni yake inavyoipitisha data. Bahari ni ya Unguja, mnara ni wa Unguja, lakini data yake inarudi kwao kwanza.

Ukuta wa China unaweza kufika Nungwi.

Watu wanapouliza kama intaneti itagawanyika, na siku hizi swali hili linaulizwa sana, wengi wanawaza ramani: mstari hapa, mstari pale, nchi hii na mtandao wake. Wafanyabiashara wetu wamekwisha kuishi mgawanyiko huo bila kungoja ramani. WhatsApp ni ya Dar, WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, ni ya mzigo. Na ili ufungue WeChat mara nyingi lazima upate mtu aliye ndani tayari, askani msimbo wako wa QR, athibitishe kuwa wewe ni mtu kweli. Unaingia kwa kudhaminiwa, kama unavyoingia kwenye chama cha kuzungushiana hela.

Facebook ilifungwa China mwaka 2009, baada ya ghasia za Urumqi. Google iliondoa huduma yake ya utafutaji mwaka uliofuata. WhatsApp ikafungwa 2017. Mtoto aliyezaliwa Guangzhou mwaka ule wa 2009 sasa anaota ndevu, na hajawahi kuona pengo lolote. Ana pa kuzungumzia, pa kununulia, pa kulipia, pa kutazama video. Ukimwambia amekatwa na dunia atakushangaa.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Mgawanyiko wa China haukuhitaji kukata waya wowote. Umekuja kwa watu kutokuwa na haja ya kutoka.

Majina na namba

Hata hivyo kuna kitu bado ni kimoja, na watu hawakioni kwa sababu hakijawahi kuwasumbua.

Kila kifaa kilicho mtandaoni kina namba, na kila tovuti ina jina. Orodha ya juu kabisa ya majina, ile inayosema .tz iko wapi, .cn iko wapi, .ru iko wapi, ni moja kwa dunia nzima. Inasimamiwa na ICANN, shirika lililoko California, ambalo mpaka tarehe 30 Septemba 2016 lilifanya kazi hiyo chini ya mkataba na serikali ya Marekani. Nakala za seva zinazotoa orodha hiyo zimetapakaa duniani, na tangu 2022 Nairobi ina kundi zima la seva hizo. China inaitumia orodha hiyohiyo. Urusi pia.

Tarehe 28 Februari 2022, siku nne baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, waziri wa Ukraine wa mambo ya dijiti, Mykhailo Fedorov, aliiandikia ICANN akiomba .ru ifutwe kwenye orodha. Göran Marby, aliyekuwa mkuu wa ICANN, alikataa. Alisema mfumo huu haukujengwa uwe silaha ya kuadhibu, na kazi yao ni kuhakikisha unafanya kazi bila kuegemea upande.

Nimeyarudia majibu hayo ya Marby mara nyingi, na kila nikiyasoma nafsi yangu inavutana. Mtu ambaye mji wake unapigwa mabomu anaomba msaada, na anajibiwa habari za kutoegemea upande. Inauma. Lakini fikiria ombi lile lingekubaliwa. Siku hiyohiyo kila serikali duniani ingejifunza kuwa jina lake linaweza kufutwa, na kila yenye uwezo ingeanza kutengeneza orodha yake. Baada ya hapo unaandika anwani ileile ukiwa Dodoma inakupeleka mahali fulani, ukiiandika ukiwa Moscow inakupeleka kwingine, na hakuna wa kusema ipi ni ya kweli.

Huo ndio ungekuwa mgawanyiko hasa. Haujatokea. Nadhani Marby alifanya sawa, na bado sipati raha kulisema.

Moscow wanajifunza kukata

Urusi haikungoja kufutwa. Mei 2019 Putin alitia saini sheria ya intaneti huru ya taifa, ikaanza kazi tarehe 1 Novemba mwaka huo. Inadai kuwe na mfumo wa majina wa akiba wa nchi, na kila mtoa huduma aweke kwenye mtandao wake mitambo ya kuchungulia data inayopita, mitambo ambayo usukani wake uko kwa mdhibiti wa mawasiliano wa serikali.

Kwa sisi tunaohangaika na nyaya, habari ya Machi 2021 inafundisha kuliko hotuba yoyote. Mdhibiti aliamua kuipunguzia kasi Twitter. Anwani fupi za Twitter zilikuwa t.co, basi mitambo ikaelekezwa kubana kila jina lenye herufi hizo. Sasa tazama: microsoft.com ina "t.co" katikati. Reddit.com pia. Zikabanwa zote. Miaka mitatu kabla, wakiitafuta Telegram, walifungia mamilioni ya anwani za Amazon na Google, wakaumiza huduma za watu wengine kabisa, na Telegram ikaendelea kupumua mpaka Juni 2020 walipoondoa marufuku wenyewe.

Ningeishia hapo ningesema haiwezekani: nchi iliyokulia ndani ya intaneti ya dunia haichomoki bila kujiumiza.

Lakini wameendelea kujifunza. Desemba 2024 walifanya jaribio Dagestan, Chechnya na Ingushetia. Kwa kama siku nzima watu wakapoteza huduma nyingi za nje, na wengi walisema hata VPN, programu za kukwepa vizuizi, hazikuwasaidia. Mwaka 2025 intaneti ya simu ikawa inazimwa mkoa hadi mkoa kwa sababu iliyotajwa ya droni, na ikatengenezwa orodha ya tovuti zinazoruhusiwa kufanya kazi wakati kwingine kote kumezimwa. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, kila simu mpya inayouzwa kule lazima ije na programu ya ujumbe ya nyumbani, Max.

Orodha ya zinazoruhusiwa. Zamani unafungia kimoja, vingine vinabaki wazi. Sasa wazi ndiyo inaombewa kibali.

Tehran, Novemba 2019

Iran ndiyo iliyoninyima usingizi.

Katikati ya Novemba 2019 serikali ilipandisha bei ya petroli, watu wakaingia barabarani. Tarehe 16 intaneti ikaanza kuzimwa, kampuni moja baada ya nyingine, na ndani ya kama siku moja nchi ya watu zaidi ya milioni 80 ilikuwa imekatika karibu kabisa na dunia. Ikakaa hivyo karibu wiki nzima. Amnesty International baadaye waliorodhesha watu zaidi ya 300 waliouawa katika siku hizo.

Lakini ndani ya Iran mashine hazikulala. Benki zilifanya kazi, kadi zilisoma, tovuti za serikali na vyombo vya habari vya ndani vilifunguka. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa imejenga mtandao wake wa ndani, vituo vya data vya ndani na huduma za ndani, na bando la kufungua tovuti za nyumbani likafanywa rahisi kuliko la tovuti za nje.

Linganisha na Misri, Januari 2011. Pale walizima karibu kila kitu kwa kama siku tano, na uchumi ukaumia nao. OECD, shirika la uchumi la nchi tajiri, walikadiria hasara ya moja kwa moja ya angalau dola milioni 90. Misri ilikuwa nyumba inayotegemea bomba la mtaani: ukifunga, na wewe unakauka. Iran ilikuwa imechimba kisima chake uani, kwa hiyo iliweza kufunga geti na kuendelea kunywa.

Kwetu

Sisi hatuna kisima hicho. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Nakumbuka duka moja ninalolihudumia: wauzaji wako Kariakoo, wateja wako Kariakoo, stoo iko Kariakoo, lakini mfumo wa hesabu za stoo hauwaki kwa sababu seva yake imekaa Ulaya. Mzigo wanauona kwa macho na hawajui ni kiasi gani.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Safari hii si mkongo uliokatika. Intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi siku kadhaa baadaye. Aliyekuwepo anajua siku zile zilikuwaje, na mwenye ndugu Muscat, London au Toronto anajua ndugu zake walikaaje. Sitazisimulia hapa. Ninachotaka kusema ni kimoja: kwangu, siku zile, hakukuwa na ndani wala nje. Vyote vilizimika pamoja.

Congo ya Kinshasa walikaa bila intaneti karibu wiki tatu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Uganda walizimiwa Januari 2021, na Facebook ikabaki imefungwa kule kwa miaka.

Swali linalonirudisha nyuma

Mimi ni katika wale wanaopiga kelele kwamba seva zije nyumbani. Nimewaambia wateja, nimewaambia vijana ninaowafundisha kazi, na sababu zangu hazijabadilika.

Wakubwa wanakumbuka ilivyokuwa. Barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilipanda setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, ikarudi. Mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walianzisha kituo cha kubadilishania data hapohapo, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za nje, ikalalamika, na mdhibiti akakifunga. Kikafunguliwa tena 2002. Kwa hesabu za Internet Society, mwaka 2012 kama asilimia 30 tu ya data ya Kenya ilikuwa inabadilishwa ndani. Kufikia 2020 ilikuwa asilimia 70. Dar tuna TIX, inafanya kazi hiyohiyo. Hii ni kazi ya heshima. Imeshusha gharama, imeongeza kasi, na mikongo ikikatika ndiyo inayobakiza uhai.

Ila baada ya Oktoba nimeshindwa kuitazama kama zamani.

Mtandao ukizimwa, nani hupiga kelele zikasikika? Si mimi na wewe. Ni benki, ni waagizaji, ni mahoteli ya Zanzibar, ni kampuni zenye mizigo bandarini. Kila saa inayopita wanapoteza fedha, na serikali inapoteza kodi. Maumivu yao ni sehemu ya kinachofanya swichi irudishwe. Sasa chukua kila ninachokipigania: mifumo ya malipo ije nyumbani, stoo zije nyumbani, teksi, hoteli, bandari. Halafu izime njia ya nje peke yake. Biashara inaendelea. Kadi zinasoma. Anayebaki gizani ni mwandishi wa habari, ni mama mwenye mtoto Muscat, ni mwanafunzi, ni mtu mwenye video ya kilichotokea mtaani kwake na hana pa kuipeleka.

Je, mimi na ngazi yangu na nyaya zangu ninachimba kisima cha nani?

Nimezunguka na swali hili wiki nyingi. Niliwahi kufika mahali pa kusema basi, tuache kila kitu Ulaya, angalau kuzima kutaendelea kuwa ghali. Lakini hilo nalo ni kuwaweka watu rehani. Ni kuamua kuwa mgonjwa akose majibu ya vipimo kila mkongo unapokatika, ili siku moja, pengine, mtawala asite.

Mahali niliposimama

Kilichonisaidia ni kurudi kwenye waya na kuuliza Iran ilizimaje hasa. Haikuwa kwa sababu seva zilikuwa ndani. Ilikuwa kwa sababu njia za kutoka nje zilipita karibu zote kwenye mikono ya dola, kampuni ya miundombinu ya serikali ikiwa ndiyo kubwa. Kituo kama KIXP ni kitu kingine: kinaendeshwa na chama cha watoa huduma wenyewe, na Mombasa kuna mikongo kadhaa yenye wamiliki tofauti, kuanzia TEAMS inayokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, mpaka SEACOM na EASSy. Seva kukaa nyumbani na milango ya nje kuwa mingi ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Kwetu sasa imefika 2Africa, mkongo wa kilomita 45,000, na naifurahia kwa moyo wote.

Ila milango mingi nayo ina kikomo, na Uganda inatuonyesha. Kule kampuni za simu ni kadhaa. Mwaka 2021 hakuna aliyekwenda kukata waya. Mdhibiti aliandika barua, na kila kampuni ikatii kwa sababu ina leseni ya kulinda. Mkongo hata uwe mpana namna gani hauishindi barua.

Kwa hiyo nimejikuta, fundi mimi, nasoma hukumu za mahakama.

Januari 2019 Zimbabwe ilizimiwa intaneti wakati wa maandamano ya bei ya mafuta. Econet, kampuni ya simu ya kule, haikuwaficha wateja wake. Ilisema wazi kuwa imepewa agizo la maandishi. Kwa kuwa agizo lilijulikana na aliyelitoa alijulikana, watu walikwenda Mahakama Kuu Harare, na tarehe 21 Januari mahakama ikasema waziri aliyeagiza hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Mtandao ukafunguliwa. Juni 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema Togo ilivunja haki ya watu ya kujieleza ilipozima mtandao 2017, na serikali haikuwa na sheria ya kusimamia kitendo hicho. Machi 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio likizitaka nchi zisizime intaneti wakati wa uchaguzi.

Kesi ya Harare ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa sababu ilianzia kwenye karatasi. Bila agizo kujulikana hakuna wa kushtakiwa, hakuna kifungu cha kupinga, kuna "tatizo la mtandao" tu ambalo linaanza usiku na kwisha siku ambayo hakuna aliyeitangaza.

Nitaendelea kuwahamisha wateja wangu waje kwenye seva za Dar, nikiwawekea nakala nje ya nchi. Na kila nikikutana na mbunge, wakili au mtu wa kampuni ya simu nitamwambia hilihili: agizo lolote la kuzima intaneti liwe la maandishi, lipite kwanza kwa jaji, litaje kifungu na muda wake, na mteja aliyelipia bando aambiwe siku hiyohiyo, kwa SMS, ni nani aliyeliandika.